Kazi Haijaandikwa mu Fichier

Scholastique alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, birika la kahawa likichemka pembeni, Étienne aliposema kutoka kwenye benchi la mbele ya nyumba kwamba simu yake iko kimya tangu saa sita. Mchi ukasimama. Binti wa Scholastique, Ornella, alikuwa njiani kutoka Gety. Kila gari lilipofika au kupita barrière, kizuizi cha barabarani kama kile cha Bogoro, ordinateur, yaani kompyuta, ya agence ya magari iliyo ng'ambo ya barabara hapa Ngezi, mtaa wa Bunia, ilituma mesaje kwa familia na majirani waliojiandikisha, yenyewe, bila mtu kuigusa. Leo hakuna kitu. Bunduki zilikuwa zimetulia miezi mingi, ila barabara ile hakuna aliyeiapia. Benchi likafungua kikao: Étienne, waliyemwita Antenne kwa habari zake, na Serge, waliyemwita Ministre kwa sababu hakuonekana akifanya kazi.

— Batu ya réseau ya simu bameuzisha mesaje kwa Bazungu, Serge akasema.

— Muzungu atafanya nini na "gari imepita Bogoro"? Scholastique akauliza.

— Mama Ornella, weye haujue politique.

— Bongo, uwongo hiyo! Étienne akasema. Ni satellite. Imeanguka mu ziwa. Sasa samaki ndio banasoma mesaje yetu.

— Mutoto wangu iko mu barabara, nanyi munanipikia satellite!

Ndipo akatokea Fiacre, fundi wa agence, akitoka matanga huko Bigo, macho kwenye birika.

— Ingénieur, mashini yako imekufa? Scholastique akauliza.

— Haikukufa. Courant, umeme, ilikatika saa sita, ikarudia. Hii mashini iko na fichier moja, mule ndani kazi yake yote imeandikwa. Ikiamuka, inasoma, inafanya tu yenye iko mule. Kutuma mesaje haiko mule. Ile miye naiwashaka na mukono.

— Kila mara courant inakatika? Étienne akauliza.

— Kila mara.

— Hapa Bunia, kwenye inakatika kila siku!

Serge alicheka nusura aanguke.

— Kumbe iko sawa na bwana yangu Roger, Scholastique akasema. Usipomuandikia, hata kuni hapasue.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mgeni, Bibiane, kikapu magotini, naye akingoja gari lilelile.

— Pole, papa. Juu ya nini hauiandike mu fichier?

Serge akatazama angani, labda kutafuta satellite. Fiacre akachukua kikombe, akakipuliza, nacho bado hakikuwa na kahawa.

— Nikiandika, akasema mwishowe, nani ataniita tena?

Scholastique akalichukua birika, akalificha nyuma ya kinu.

— Fichier kwanza, kahawa kisha.

Fiacre akavuka barabara. Haikufika robo saa, simu ya Bibiane ikalia, kisha ya Étienne, kisha ya Scholastique: gari limepita Bogoro saa tisa, abiria wote wazima. Scholastique akatwanga sombe kwa nguvu, machozi yasionekane.

Jioni Ornella aliingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, akalalamika kwamba sombe haijalainika. Bugali ulipowekwa mezani, umeme ukakatika, ukarudi. Hakuna aliyeinuka kumwita Fiacre. Simu ikalia yenyewe: gari la mwisho limefika.

Scholastique akahesabu kwa mwiko. Watoto wanne, Roger, yeye: sita. Mlangoni alisimama Fiacre, mikono mifukoni.

— Nani amekuita?

— Hakuna mutu.

— Basi ikala chini.

Akaongeza sahani. Saba.