Kitabu Kisicho na Jina

Edna alikifunika kitabu chake cha hesabu kwa mfuko wa kaki wa dukani, ili mtu yeyote kwenye basi la Alexandria, huko ugenini, asijue kwamba mama wa miaka arobaini na sita, mtunza wazee, anajisomea mwenyewe akitafuta cheti cha sekondari. Jalada hilohilo ndilo lililomuumbua.

"Wewe ni wa kwetu," alisema kwa Kiswahili mzee wa Kikenya aliyeketi kando yake, salamu kaiacha kwao. "Huku hakuna anayefunika kitabu hivyo. Mtihani ni lini?"

"Jumamosi, mzee. Lakini usinitangaze."

"Nikutangaze kwa nani? Na mbona hujaandika jina? Mwalimu wetu angekuchapa."

"Nikifaulu ndipo nitaandika."

"La, mama. Kwenye cheti watakuandikia wao. Kwenye kitabu unaandika mwenyewe." Akamnyooshea kalamu.

"Na nikifeli?"

"Kitabu si bado ni chako?"

Edna alikuwa na jibu kali la kumkomesha, ila basi lilisimama kituoni kwake. Alishuka mbio, mkono mmoja kitabu, mkono wa pili, kumbe, kalamu ya mzee.