Ramu za Mchango

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na duka la viatu vya mitumba, na benchi lake ukilikalia vibaya linakubana nyama. Liliwahi kuvunjika, kila mtu akaleta ubao kutoka kwake: mmoja mnene, mwingine mwembamba, mwingine bado una rangi ya mlango. Ndivyo tulivyo hapa, jambo la mtu halifanyiki mpaka kila mkono uingie. Mwenye kahawa ni Mzee Makaa, anayemimina bila kumwaga tone huku macho yakiwa barabarani. Kinyozi huacha kichwa cha mteja nusu ili aje kuchangia mada. Breki aliendesha malori hadi mgongo ukakataa, sasa anatuendesha sisi. Mimi ni Profesa. Shule sikufukuzwa, niliiacha mwenyewe, tena mapema, niwapishe wanaopenda kushika namba. Kifaa chochote chenye waya nakifungua. Kukifunga ni habari nyingine, na hiyo huwa siitangazi.

Jumatatu hiyo Mzee Makaa alitumiminia bila hata kuuliza tumeamkaje. Tulijua kwa nini. Mkewe yuko mji wa mbali anamuuguza dada yake, mwaka wa pili sasa, na kila Jumapili jioni huonana kwa kompyuta ya mezani aliyoiacha binti yao alipoolewa. Ni ya zamani, na ilikuwa inagandaganda. Sura ya mama inabaki imefumba jicho moja, mzee anasubiri lifumbuke. Kijiwe kikaamua iongezewe ramu, vile vibao vyembamba vinavyochomekwa ndani ili mashine ibebe mambo mengi kwa pamoja. Ilikuwa na viwili vyake, pacha, na nafasi mbili zilikuwa wazi. Kinyozi akatoa cha kompyuta yake ya muziki iliyokufa. Breki akatoa cha mpwa wake. Mimi nikatoa changu cha akiba kutoka kwenye droo, kimebanduka lebo, hata sijui kilizaliwa wapi. Fundi alikuwa mimi, angekuwa nani mwingine?

Picha ikawa safi. Lakini tangu siku hiyo, wakishaanza tu kunoga, dirisha la mazungumzo linapotea, mzee anabaki anaangaliana na picha ya maua.

— Jana tena, akasema Mzee Makaa. Namweleza habari za paa linalovuja, kanikatia. Katikati ya neno.

— Mtandao wa huko, akasema Kinyozi. Mvua ikinyesha unalowa.

— Unalowa vipi, wewe?

— Nyaya si ziko nje?

Breki akasema mtandao haunyeshewi, shida ni kwamba ramu yake ina nguvu kupita kiasi. Yeye anajua injini. Ukifunga injini ya lori kwenye gari dogo, gari linaruka. Aliisifia ramu yake hadi muuza viatu akatoka dukani kuja kusikiliza. Mimi nikanywa kahawa. Ramu ya Breki ilikuwa mfukoni mwangu. Pengo lake la kuchomekea halikukutana na kijino cha kwenye ubao wa kompyuta, ilikataa kuingia tangu siku ya kwanza, ila Breki mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu anapumua kwa fahari, nikamwambia imekaa.

— Mimi naona ni ile picha, akasema Kinyozi. Zamani shemeji alikuwa anamwona mzee kwa ukungu ukungu. Sasa tumemsafishia. Anaona mvi, anaona pua, anaona na shati la juzi. Wewe usingekata?

Tukacheka. Mzee Makaa naye alicheka kidogo, akajipapasa kidevu.

Hapo ningeweza kusema. Jumamosi mzee alikuwa ameniita niitazame. Nikafungua hiki na kile kwa pamoja, na kila dirisha likawa linajifunga lenyewe mbele ya macho yangu, bila mke wa mtu yeyote kuwa upande wa pili. Nikajua palepale. Ramu nilizochanganya zilikuwa hazielewani: mbio tofauti, ukubwa tofauti, na yangu labda ilikuwa gonjwa tangu droo. Wakati wa kuzifunga niliijaribu mashine kwa wimbo mmoja tu, nikapiga makofi, nikala chakula cha mzee, nikaondoka. Naye mzee alikuwa ameinama begani kwangu, ananiuliza vipi, mwanangu. Nikamwambia, mashine nzima kabisa, shida iko upande wa pili.

Upande wa pili kulikuwa na mkewe.

— Nyinyi mnazunguka tu, akasema Breki, na sauti yake ikashuka, ikawa ile ya mtu aliyelala hoteli nyingi za njiani. Mimi nimesafiri. Mtu akikaa mbali sana, anapata wa kumwambia muda umetosha. Huyo mtu haonekani kwenye skrini. Anasimama nyuma ya kamera, anaonyesha saa.

Kinyozi akamkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshafika. Mzee Makaa alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kufutwa.

Na mimi, mdomo wangu huu ambao hata mwalimu mkuu aliushindwa, badala ya kunyamaza nikaona nipeleke mbele, mada isije ikageuka kuwa mashine. Nikasema watu hubadilika, mzee, usijitese.

— Ni kweli, akasema Mzee Makaa. Wewe ndiye uliyeniambia shida iko huko. Nimeizima hata simu. Nikipiga mimi kila siku, nitaonekana naomba. Kesho Profesa uje ufungue hiyo kompyuta, kila mtu achukue ramu yake.

Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, anachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

Mama mmoja alikuwa anavuka barabara na begi la safari, kitenge kimekunjamana kwa kukaliwa usiku kucha. Alipofika aliweka begi kwenye ule ubao wenye rangi ya mlango. Nilimtambua kwa jicho. Nilizoea kuliona limefumba.

Hakutusalimia. Alimtazama mumewe, mumewe akabaki na koleo mkononi.

— Baba, nimekukosea nini?

— Mimi?

— Kila tukianza kuzungumza unanikatia. Na simu umezima. Nimemwacha mgonjwa kwa jirani, nimekuja uniambie usoni.

— Mama, mimi sijawahi kukukatia. Wewe ndiye...

— Mimi nimekata lini?

Mzee Makaa akamwangalia Breki. Breki akaangalia barabara. Kinyozi akakumbuka kwamba ana mteja ndani, lakini miguu haikumtii. Wote, mmoja baada ya mwingine, wakageukia kwangu, kwa sababu kwenye kijiwe hiki swali likikosa mwenyewe huwa langu.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaiweka ramu ya Breki juu ya sinia la vikombe.

— Hakukata yeye, shikamoo mama. Wala wewe hukukata. Ni ramu nilizochanganya mimi. Hii haikuingia kabisa. Zile zilizoingia hazipatani, mashine inafunga mambo yenyewe.

Breki aliichukua, akaigeuza, akaikuta alama ya rangi ya kucha aliyoipaka mpwa wake. Aliifungia kwenye leso taratibu, kama jino.

Mama akakaa karibu na begi lake, akajifunika uso kwa viganja. Sikujua kama analia au anacheka. Mzee Makaa alimwekea mkono begani, halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

— Jumamosi nilipokuita. Ulikuwa unajua?

Nina majibu mimi. Ninayo ya askari, ya wenye nyumba, ya wakwe wa watu. Muuza viatu alikohoa. Nikasogeza kikombe changu mbele kidogo, sijui kwa nini, labda mkono ulitaka kazi.

Mzee Makaa akalibeba begi la mkewe kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanyanyua birika.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Birika likayumba alipogeuka, na sote tuliisikia kahawa ikicheza ndani.