Nani Aliyemtaja Dobi

Benchi letu limeegemea ukuta wa ghala lisilotumika. Zamani watu wa afya waliupaka ukuta huo masharti kwa rangi nyekundu: ukiona mtu anaharisha maji na kutapika, toa taarifa siku hiyo hiyo; wa nyumbani kwake wasitoke mpaka waruhusiwe. Mahali pa kutolea taarifa paliandikwa pia, ila ndipo hasa tunapoegemeza migongo, na migongo yetu imekula rangi yote. Asubuhi hiyo watu hao wa afya walikuwa wamemchukua dobi na mama yake kuwapeleka kwenye kambi ya wagonjwa. Kamba ilikuwa imefungwa mlangoni kwao, ng'ambo ya barabara, tunaiona. Kati yetu watu wazima hakuna aliyeuliza kama dobi yu hai. Swali lilikuwa nani kamtaja. Mimi ni fundi viatu, benchi liko mbele ya kibanda changu, kwa hiyo huyasikia yote nitake nisitake, na siku hiyo yalinichosha.

Wa kwanza kuanza alikuwa Antena. Anauza vocha za simu, na kila habari humpitia yeye kwanza, ya kweli na ya kutunga.

Antena: Nawaambia dobi kauzwa. Gari limekuja moja kwa moja mpaka mlangoni, halikuuliza njia! Limejuaje?

Kinyozi: Kauzwa na nani sasa?

Antena: Wee unafikiri yule mwalimu wa mtaa wa pili anapita hapa kila siku kununua nini? Umewahi kumwona kabeba kitu?

Jaji: Tulieni niwape sheria.

Huyu alikuwa mpeleka hati wa mahakama. Alistaafu zamani, jina la Jaji tukampa sisi, naye akalipokea bila kusita.

Jaji: Sheria inasema mwenye nyumba atoe taarifa. Jirani atoe. Mwalimu atoe. Hata mpangaji atoe. Asiyetoa ana kosa. Sasa nyinyi mna akili, fikirini. Kosa la watu wote linakuwa la nani? Halina mwenyewe! Hapo hafungwi mtu.

Kinyozi: Umesoma, wewe.

Mwashi alikuwa mwisho wa benchi, suruali imeganda saruji ya jana. Siku hiyo hakwenda kazini. Kikombe kilikuwa mkononi tangu alipoketi na hakuwa amekinywa.

Mwashi: Na kama ni mtoto? Binti yangu tangu jana usiku tumbo linamwendesha. Maji matupu.

Kinyozi: Ana umri gani?

Mwashi: Hata miaka miwili hajafika.

Kinyozi: Meno hayo, bwana! Meno yanaota. Wangu wote walipitia huko.

Mwashi: Na kutapika?

Kinyozi: Hayo ya juu sasa.

Nilitaka kucheka, nikamtazama mwashi, kicheko kikaniishia. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba aambiwe uongo, na kijiwe chetu hakijawahi kumnyima mtu uongo.

Antena: Tena usithubutu kufungua mdomo. Huko kambini mtu anaingia na miguu yake, anatoka kwenye turubai. Zile chupa za maji wanazotundika juu ya kitanda, unadhani zinaingiza? Zinatoa!

Kinyozi: Zinatoa nini?

Antena: Maji ya mwili. Ndiyo maana watu wanakauka vile. Yanapelekwa mbali huko, yanapimwa.

Kinyozi: Yanapimwa ya nini?

Antena: Ungejua ungekuwa unauza kahawa hapa?

Kinyozi: Mimi nanyoa.

Antena: Ni yale yale.

Jaji: Hayo madogo. Mimi naona kiwanja. Nyumba ikishafungwa kamba, inaandikwa haina mtu. Ikiandikwa haina mtu, wanaipima. Ikipimwa, imekwenda hiyo.

Kinyozi: Lakini dobi amepanga, Jaji. Chumba kimoja tu.

Jaji: Ndio ujanja wenyewe! Wanaanza na chumba kimoja.

Muuza kahawa alikuwa akisuuza vikombe kwenye ndoo yake. Si msemaji. Siku hiyo alisema.

Muuza kahawa: Jana jioni nilimwona dobi ameshikilia mlango, hawezi kusimama. Macho yameingia ndani. Nyinyi mngemwacha vile?

Antena: Aaah! Kumbe ni wewe!

Muuza kahawa: Si mimi. Nilikwenda kusema, nikakuta wameshaambiwa.

Antena: Mmemsikia? Alikwenda!

Kinyozi aliweka kikombe chini kama kimemchoma. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na Antena akawashinda kwa sauti.

Antena: Basi tukubaliane leo leo. Atakayemtaja mtu wa mtaa huu asinyolewe, asiuziwe vocha, asishonewe kiatu. Akifiwa azike peke yake. Sawa?

Kinyozi: Sawa.

Jaji: Imepita.

Mimi nilikuwa na uzi mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Kisha wote tukamgeukia mwashi.

Mwashi: Sawa. Mke wangu alitaka kumpeleka mtoto. Nimemwambia nikirudi nisipomkuta mtoto, asinijue tena.

Jaji: Umesema kiume.

Mwashi hakuonekana kufurahi kusifiwa. Alitazama kahawa yake, akakisogeza kikombe mdomoni, akakirudisha.

Hapo akatokea msichana tusiyemjua, anakuja mbio mbio, mtoto mgongoni kafunikwa khanga mpaka kichwani. Kilichoonekana ni mguu mmoja unaning'inia, na kiatu chekundu kidogo chenye kifungo cheusi. Kifungo kile nilikishona mimi. Mwashi ndiye aliyeniletea kiatu, akasimama hapo hapo nikishona, akanihimiza nikaze uzi maana mtoto ameanza kukimbia. Niligeuka kumtazama. Alikuwa ameshakiona.

Msichana: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Msichana: Samahanini. Ukuta huo unasema mtu atoe taarifa, halafu hapo mgongoni kwenu pamefutika. Inatolewa wapi?

Ofisi iko nyuma ya soko, hatua chache kutoka kwenye bomba la maji. Hata kipofu wa mtaa huu angempeleka. Kinyozi alianza kukagua kucha zake.

Msichana: Mimi mgeni, nimefika leo asubuhi. Dada ndiye aliyenituma. Mwenyewe ameanza kutapika, hawezi kusimama. Kasema niwahi kabla mumewe hajarudi, maana huyo hataki. Mume mwenyewe simjui hata kwa sura.

Jaji alisafisha koo.

Msichana: Mtoto alikuwa analia. Amenyamaza tangu pale dukani. Jamani, ni wapi?

Mwashi aliinuka, kikombe kikaanguka. Alifungua fundo la khanga kifuani kwa msichana, akamtwaa mtoto, na kichwa cha mtoto kikalala begani kwake bila nguvu yoyote. Akaanza kukimbia kuelekea sokoni. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile, na moyo uliniuma. Kiatu chekundu kilichomoka mguuni mwa mtoto kikabaki katikati ya barabara.

Msichana: Wee! Unampeleka wapi? Wee baba!

Alipiga hatua mbili, akatugeukia, machozi yameshamtoka.

Msichana: Amemchukua mtoto wa dada yangu! Yule ni nani? Nyinyi mmeketi naye hapa, yule mwanamume ni nani?

Jibu lilikuwa fupi, hata mtoto angelisema. Antena, mwenye habari zote, aliinamia vocha zake. Jaji alijibana ukutani pale pale paliposuguliwa. Mimi nilikuwa bado na uzi mdomoni, nikauacha huko.

Muuza kahawa aliweka birika chini. Alikwenda barabarani, akaokota kiatu, akampa msichana, akamwonyesha kwa kidole alikokimbilia mwashi.

Muuza kahawa: Mfuate huyo huyo. Ofisi iko huko.

Msichana akakimbia na kiatu mkononi, bado anauliza.