Bandeji ya Mseti Iliyooshwa kwenye Karai

Ndugu zetu, majirani, wakwe mliovuka mpaka pale Sirari na nyote mliofika hapa Nyamisangura, wakubwa shikamooni, wadogo poleni kwa msiba, haya ni maisha ya Mseti Wangwe kama alivyoyataja mama yake mzazi, Bibi Efrazia, ambaye shule hakuingia lakini tarehe zote anazo kichwani, na amesema yasomwe yote, mstari usirukwe, yeye amekaa pale mbele anasikiliza.

Mseti alizaliwa tarehe 9 Juni 1969 hapahapa Tarime, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Wangwe na Bibi Efrazia, akimfuata kaka yake Simioni, na wapo waliosema mtoto huyu hafiki mwaka, majina yao Bibi anayo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1978, akamaliza la saba mwaka 1984, akafaulu, ila barua ya kumwita sekondari haikufika nyumbani, na Bibi anajua ilipita mikono ya nani, lakini mwenye mikono hiyo yupo hapa anakula msibani, tumwache amalize.

Alipotoka jandoni alichunga ng'ombe wa baba yake, baadaye akanunua na kuuza ng'ombe mnadani upande wa Mugumu, hadi mwaka 1994 dhahabu ilipowatoa watu majumbani, naye akaacha fimbo akachukua nyundo, akaingia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na wenzake, huko ambako watu wanakula sahani moja huku kila mmoja anaangalia mfuko wa mwenzake.

Tarehe 12 Septemba 1998 alifunga ndoa kanisani na Akech binti Odoyo, na Bibi hataki kuficha, mkamwana huyu hakumpenda, alimwona anacheka upesi, anaongea Kijaluo kwenye simu, anakwenda kwao ng'ambo kila mwezi na kikapu kimefunikwa, na Simioni alikuwa akimuuliza mdogo wake kama wasichana wa Kikurya walikuwa wamekwisha hadi akaoe harufu ya samaki. Mungu aliwajalia watoto watatu, Beatrice mwaka 1999, Elkana mwaka 2002 na Dorah mwaka 2005.

Tarehe 3 Februari 2009 duara liliporomoka, jiwe likamvunja mguu wa kushoto chini ya goti, wenzake wakambeba kwenye turubai, na tarehe 6 alifanyiwa upasuaji Mwanza, akawekewa chuma na skrubu. Alirudi nyumbani tarehe 2 Machi, mguu umevimba, na Akech alikuwa amefundishwa na nesi namna ya kuuhudumia, kwamba kila asubuhi kabla mgonjwa hajashusha mguu kitandani aviringishe bandeji ile ya kuvutika, aanzie kwenye vidole apande hadi chini ya goti, chini akaze kidogo, juu alegeze, halafu aangalie vidole kama vina joto, na mchana mguu ukae juu ya mito.

Hayo Bibi aliyajua baadaye, wakati ule alichojua ni kwamba mlango wa chumba unafungwa, na kwetu mama haingii chumba cha mwanawe aliyeoa, akabaki sebuleni anasikiliza kitambaa kinavutwa huko ndani, mwanawe anaguna, mke anahesabu mizunguko kwa lugha yao. Tena bandeji ile Akech aliifua mwenyewe, mtu mwingine asiiguse, na hakuianika kwenye kamba ya nje kama nguo za watu, aliianika ndani kivulini, akadai jua linaua mvuto wake. Na machimboni kulikuwa na maneno kwamba siku ya kuporomoka lilionekana jiwe lenye dhahabu, likapotea kabla ya kupimwa, na ni nani hapa asiyejua wachimbaji wanavyoficha mali kwenye vidonda vyao? Simioni akamwambia mama yake, Mama, ule si mguu, ile ni benki, na mwenye ufunguo ni yule Mjaluo. Bibi akaamini.

Jumatano tarehe 25 Machi 2009, Akech alipovuka mpaka kwenda kumwona mama yake mgonjwa, Simioni akambeba Mseti hadi sebuleni, Bibi amekaa kitini, akamwambia wanakagua kidonda. Mseti aliwatazama wote wawili, akacheka, akanyoosha mguu, akasema haya Mama, chimbeni, duara liko wazi. Wakaifungua bandeji yote, wakaikung'utia kwenye ungo, hawakuona kitu, Simioni akaleta karai akaiosha kama wachimbaji wanavyoosha mchanga wa dhahabu, akazungusha maji taratibu, akamwaga kidogokidogo, na chini kabisa yakabaki magamba ya ngozi na nywele za mguu.

Hapo ndipo walipotakiwa kuirudisha kama ilivyokuwa, na hakuna aliyejua, Simioni akaianzia juu, akaikaza chini ya goti kama anafunga mdomo wa gunia, kule chini ikabaki mizunguko miwili imelegea. Akech aliporudi jioni alikuta mguu umeumuka, vidole vimepoa na kuwa vya buluu, akaikata kwa mkasi bila kuuliza, akauinua mguu, akatafuta gari, na hospitalini walisema wangechelewa kidogo mguu ungekatwa. Kidonda kilifumuka, Mseti akalala huko wiki tano, na tangu siku ile hadi anakufa mguu ule haukuacha kuvimba, akivaa soksi ya kubana kila siku, na shimoni hakushuka tena.

Nesi alipouliza ni nani aliyefunga vile, Bibi alikuwepo, Simioni alikuwepo, Akech akasema ni mimi, nilikosea, na akagombezwa mbele ya wodi nzima, watu wakimsonya. Maneno hayo yakaja hadi nyumbani, yakakaa miaka saba, kwamba mke ndiye aliyemlemaza mume, na Bibi aliyasikia kisimani, kanisani, kwenye vikao vya ukoo, akanyamaza.

Mwaka 2014 Mseti alianza kukohoa, na tarehe 18 Agosti 2016 alifariki, na Bibi alimuuliza daktari mara tatu kama ni ule mguu, daktari akajibu mara tatu ni vumbi la mawe kwenye mapafu, mguu haukumuua.

Juzi ukoo ulikaa, Simioni akasema mwanamke aliyeharibu mguu wa ndugu yao akishamaliza matanga arudi kwao, nyumba ibaki, na ndiyo sababu ya maneno yote haya. Aliyeharibu mguu ni Simioni, na aliyekaa kitini akamwangalia ni mama yake, na dhahabu haikuwepo, na nyumba ni ya Akech na wanawe, anayetaka kumtoa aanze na Bibi Efrazia.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, majirani wa Nyamisangura, wachimbaji waliombeba kwenye turubai na wakwe zetu wa ng'ambo, na Bibi anamshukuru mkamwana wake Akech, ambaye yeye Bibi hajawahi kumwambia asante tangu aolewe.

Mseti wa Wangwe, pumzika kwa amani, mama yako amesema.