Kura za Marekani kwenye Benchi la Shimba

Novemba 1980, sisi wenyewe tukiwa tumetoka kupiga kura majuzi tu, redio ilitangaza kwamba rais wa Marekani ameshindwa uchaguzi. Asubuhi hiyo benchi la Shimba, muuza kahawa wa njia panda ya Nyakato, lilijaa mapema. Sukari ilikuwa imeadimika Mwanza nzima, tukawa tunakunywa kahawa chungu. Nilikaa katikati ya Mwalimu Rugemalira, Mhaya mstaafu tuliyemwita Atlasi kwa ile jiografia yake, na Ngosha, fundi wa kiwanda cha nguo, jina la kijiweni Bobini. Mwisho wa benchi alikuwepo Luhaga, balozi wetu wa nyumba kumi, jicho la chama mtaani, na siku ile alikuwa na raha zake.

— Demokrasia gani ile? Luhaga alisema. Kumbe mwananchi hata hamchagui rais! Mwalimu, hebu waeleze.

— Ni kweli, Atlasi akajibu. Kila jimbo lina wajumbe wake, na hao ndio wanaomchagua rais. Karibu majimbo yote, anayeongoza hata kwa kura moja anazoa wajumbe wote. Karne iliyopita mtu alizidiwa kura za wananchi, na Ikulu akaingia.

— Huo si wizi? Shimba akadakia.

— Ndiyo sheria yao.

— Mimi nimesikia, Shimba akasema, hao wajumbe wanafungiwa kisiwani, wanalishwa nyama mpaka wataje jina la tajiri.

— Umesikia wapi?

— Kwa dereva wa lori.

— Wanahesabu kwa mashine wale, Bobini akasema. Nipe mimi hiyo mashine, nakuchagulia hata mbuzi.

Tukacheka, Luhaga kuliko wote.

— Basi tushukuru, alisema. Sisi hatuna ujanja huo. Mgombea mmoja, picha moja, Ndiyo au Hapana, kwisha.

Bobini akaweka kikombe chini.

— Mimi niliweka Hapana.

Kuna watu walishaitwa ofisi ya chama kwa maneno madogo kuliko hayo. Atlasi akamvuta shati.

— Hebu rudia, Luhaga alisema.

— Niliweka Hapana! Rais wetu, Mzee, namheshimu sana. Lakini nilipewa maneno mawili nichague, nikachagua moja. Wamarekani wana ujanja wao, sawa. Ila rais wao leo anafungasha mizigo, na hakuna askari aliyemtoa.

— Ngosha, una watoto wewe.

— Ninao. Ndiyo maana nasema mchana kweupe, wanisikie.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha dagaa, aliyekuwa amesimama kando akingoja lori la kwenda Kigongo, akasogea.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Samahani, nauliza tu. Hizo Hapana zikiwa nyingi, anaingia nani?

Shimba akainamia birika lake.

— Unatoka wapi, mama? Luhaga akauliza, sauti imebadilika.

— Kiseke. Naitwa Josepha.

— Balozi wenu nani huko?

— Mume wangu. Nimemuuliza tangu siku ya kura, mpaka leo hajanijibu. Ndiyo nauliza huku.

Luhaga akageukia barabarani. Bobini akasogea, nafasi ikapatikana, Josepha akatua kikapu akaketi kati yetu. Lori la Kigongo likafika, likapiga honi. Hakunyanyuka.

— Nangoja jibu, alisema.