Mzee Xaveri, Jenereta na Papa wa Turubai

Tangu mwaka 1988, bosi Maftaha alipofungua banda la video hapa Kilwa Masoko, hadi tarehe 31 Desemba 2004 Mzee wetu anapostaafu, ni miaka kumi na sita, na muda wote huo jenereta letu limewashwa na mkono mmoja tu: wa Mzee Xaveri Likwata. Mwakani mkono huo utapalilia mikorosho kwao Newala, na sisi tutajua maana ya giza.

Anayeandika risala hii ya kumuaga ni Jafari, mpiga debe wa banda, ambaye sauti yake inafika Kisiwani bila kupanda chombo. Wapo waliotaka mwalimu ndiye aandike. Darasa la sita linatosha kabisa kumsifu mtu anayesifika.

Mzee Xaveri aliajiriwa kama seremala. Mabenchi mnayokalia ndiyo aliyoyapiga mwaka ule, na kama yanawauma, laumuni makalio, msimlaumu fundi. Jenereta alilikuta limesusa. Akaliita Bibi Harusi, kwa kuwa haliwaki mpaka libembelezwe, na kila jioni alilinong'oneza kwa Kimakonde kabla ya kulizungusha. Siku aliyougua tulijaribu kulibembeleza kwa Kiswahili. Lilitutemea moshi.

Tena picha ikifika pahala pa kubusiana, na watoto wamekaa mbele, umeme ulikuwa unakatika wenyewe. "Dizeli ina maji," Mzee alikuwa akisema kutoka nje. Watu ndani wanapiga kelele: "Mzee, hayo maji yanangoja wakumbatiane?" Hajibu. Kunyamaza ndiyo fani yake, na fani hiyo ilikaribia kumtoa roho.

Ilikuwa mwaka 1999. Soko huria lilikuwa limetuletea video, halafu hilohilo likaleta madishi. Kila baa ikawa na televisheni, bandani tukabaki sisi na mbu. Maftaha akatangaza kwamba tutatengeneza picha yetu wenyewe, na isipojaza watu, banda linageuzwa ghala la saruji na kila mmoja ashike njia yake.

Picha yenyewe ilikuwa ya kutisha: mwanamke kaachwa kwenye fungu la mchanga, maji yanajaa, papa anamzunguka, mwisho analiwa. Mwanamke alikuwa dada Kazija, mpika maandazi wetu, mzaliwa wa Songo Mnara. Kamera ilishikwa na Cletus wa Lindi, mtu wa kupiga picha za harusi, ndiyo maana kila saa alimtaka papa atabasamu. Papa alijengwa na Mzee Xaveri: mbavu za fito, ngozi ya turubai la lori, meno ya dumu jeupe. Tulipomvuta kwa kamba alilala ubavu kama mlango uliotupwa. Ilionekana wazi kwamba papa anahitaji miguu.

Hapa lazima nieleze jambo la kwao. Umakondeni, katika ngoma ya mapiko, anayevaa kinyago si mtu tena. Haongei, hatajwi, na mwanamke hatakiwi kujua ndani kuna nani. Kwa hiyo tuelewane: siku ya kupiga picha Mzee Xaveri alikuwa Nangurukuru kufuata dizeli. Mwenyewe anasema hivyo, nasi tunaandika hivyo. Aliyekuwa ndani ya papa hatumjui.

Huyo tusiyemjua alitembea kwenye maji ya kifuani, papa mabegani. Akageuka, akajipinda, akatisha mpaka watoto pwani wakakimbilia mama zao. Cletus akataka irudiwe. Ikarudiwa. Akataka tena. Maji ya bahari hayangoji bwana harusi. Yakazidi kujaa, turubai likalowa likawa zito, papa akaanza kuzama pua mbele, mkia unatetemeka.

"Safi kabisa! Tetemeka hivyohivyo!" Maftaha akapiga makofi.

Ndani ya papa halikutoka hata neno "jamani". Kinyago hakipigi kelele.

Aliyepaswa kuliwa ndiye aliyeona. "Nyie! Papa anakufa kweli!" Dada Kazija akajitupa majini, akamkamata mkia, akamburuta mpaka mchangani. Tukakimbilia na visu tumpasue. Akatuzuia.

"Samaki kanipiga teke, mzima huyo. Geukeni mtazame mjini, nyote! Mimi nimevuta samaki, mtu sikumwona."

Naye akageuka. Nyuma yetu tukasikia kikohozi, maji yakitapikwa, halafu kimya. Tulipogeuka, papa alikuwa mtupu.

Jioni Mzee Xaveri akaingia kazini na dumu lisilo na dizeli, kichwa kimelowa. Alisema mvua ilimkuta Nangurukuru. Mwezi wa tisa, kiangazi!

"Pole na mvua, Mzee," Maftaha akamwambia, macho chini.

"Nimeshapoa." Akaenda kumbembeleza Bibi Harusi.

Cletus hakuwa amezima kamera hata kidogo, basi picha yetu ikaishia kinyume: mwanamke anamvua papa kwa mikono yake. Watu walitoka Kisiwani, Songo Mnara, hadi wauza chakula wa Nangurukuru walifunika masufuria wakaja. Mkia unaposhikwa, akina mama vigelegele mpaka picha hatuisikii. Saruji ikatafutiwa pahala pengine. Sisi tulioshika karatasi hii leo tumekula, tumeoa na tumesomesha kwa banda hilo.

Tangu siku ile dada Kazija humwekea Mzee andazi la kwanza kila asubuhi. Mzee hajawahi kuuliza kwa nini, na dada hajawahi kusema.

Mzee Xaveri, ahsante kwa mwanga, kwa mabenchi, kwa kutuzimia pale palipostahili kuzimwa. Mikorosho ikuzalie, magoti yasikusumbue, na maisha ya huko yawe mepesi kuliko turubai lililolowa. Na kwa kuwa unajua watu wengi, ukikutana na yule aliyekuwa ndani ya papa, mfikishie shukrani zetu sote. Mwambie hatukuchungulia. Mpaka leo tunatazama mjini.