Vilja Avuka Uwanja wa Soko

Jumamosi moja ya Aprili, theluji ya mwisho ikichuruzika kwenye mifereji ya mji wa Kuopio, benchi la nje ya kibanda cha kahawa cha Sirkka lilikuwa limeshapata wenyewe. Kulia alikaa Redio, kinyozi mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki. Kushoto, Daktari, ambaye hospitali aliijua kwa kuchochea boila zake miaka thelathini. Katikati alikaa Reino, na leo Reino utani ulikuwa haumwingii. Mjukuu wake Vilja, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa na mwaka na miezi minne hajatoka nyumbani peke yake. Hofu ilimkaba barabarani, dukani, darasani, mpaka pumzi ikamkatika. Leo angevuka uwanja mzima wa soko aje kunywa kahawa na babu yake. Yeye na mbwa tu.

— Huyo mbwa kafundishwa nini hasa? Redio aliuliza.

— Kumjua, Reino akajibu. Kila hofu ilipompanda, mama yake alimvua fulana ikiwa imelowa jasho, akaifungia kwenye chupa tupu ya achari ya matango, akawapelekea wafunzaji. Chupa tisa. Mbwa akanusa mpaka akaijua hofu ya mtoto kabla hajamwona mtoto mwenyewe.

— Wee! Chupa za matango?

— Hapo sawa, alisema Daktari. Jasho la hofu lina harufu yake. Mimi nilikuwa naisikia kwenye korido.

— Wewe ulikuwa unasikia mafuta ya boila, mzee, Redio akamkatiza. Hiyo si pua, ni masikio! Mbwa anasikia moyo. Moyo ukibadili mwendo tu, keshajua.

— Basi nikwambie usilolijua. Yule anaivuta. Hofu inamtoka mtu, inamwingia mbwa.

— Halafu anaipeleka wapi?

— Msituni. Anaikojolea msonobari.

— Ndiyo maana misonobari inatetemeka!

Sirkka alicheka mpaka akamwaga kahawa. Reino hakucheka.

— Mimi nilimkataa huyo mbwa, alisema. Nilisema mtoto ajikaze. Nikamshika mkono, nikamburuta mpaka mlango wa shule. Akaanguka kwenye ngazi, midomo imemgeuka rangi ya buluu. Tangu siku ile hajanipa mkono.

Redio akamsogezea kikombe cha kahawa.

Ndipo Vilja alipojitokeza pembeni mwa uwanja, koti la manjano, na Halla, mbwa mweusi mwenye fulana ya kazi, kambana mguuni. Walikuja polepole katikati ya meza za viazi na samaki. Walipofika nusu, lori la mizigo likaangusha mlango wake wa nyuma. Kishindo kikagonga kuta zote. Vilja akasimama kama aliyepigiliwa misumari.

Reino akainuka. Daktari akamvuta koti.

— Kaa, Reino. Mwache mwenye kazi.

Halla alikuwa ameshajiegemeza kwenye magoti ya binti. Vilja akashuka, akakaa palepale juu ya mawe yenye maji, na mbwa akapanda, akamlalia mapajani kwa uzito wake wote. Watu wakawapita kushoto na kulia. Mama mmoja akataka kuinama, akaghairi. Pale benchini hakuna aliyekunywa. Waliona mabega ya binti yakipanda na kushuka haraka, kisha polepole, kisha yakifuatana na mgongo wa mbwa, pumzi kwa pumzi, kama wanapumua kwa kifua kimoja.

— Mungu wangu, Redio alinong'ona, na akavua kofia.

Vilja akasimama. Hakurudi nyuma. Alikuja moja kwa moja, suruali imelowa, uso mweupe.

— Shikamooni. Babu, naomba andazi la iliki.

— Marahaba, mwanangu, walijibu wote kwa pamoja.

Sirkka akatoa andazi kubwa kuliko yote. Vilja akaketi mwisho wa benchi, mbwa miguuni pake. Mara Halla akainuka, akampita Daktari, akamgusa Reino goti kwa pua. Akangoja. Akamgusa tena.

Reino akasogeza goti.

— Anataka andazi?

— Hapana. Akiwa kazini haombi chakula, Vilja alisema, akimtazama babu yake kwa mshangao. Akigusa hivyo ni hofu ameinusa. Kwa mtu mwingine hajawahi kufanya. Babu, unaogopa nini?

Reino akamtazama mjukuu wake, kikombe kikiwa bado mkononi mwake.

Vilja akakichukua kile kikombe, akakiweka chini. Kisha akaushika ule mkono.